Ratili ya Wakia 14

Kwa miaka mingi mabaharia wa Jeshi la Majini la Uingereza waliamini, wala hawakukosea, kwamba ratili ya nyama melini haikuwa ratili. Ratili ya kweli ina wakia 16. Karani wa chakula aliwapimia 14, na mbili zilizobaki akazihesabu kuwa fidia ya panya, unyevu na mapipa yanayovuja. Hasara ikiwa ndogo kuliko fidia, kilichosalia kilikuwa chake. Huo haukuwa wizi wa gizani. Ulikuwa utaratibu uliokubaliwa, maana serikali ilimlipa karani mshahara mdogo ikijua fika kwamba atajifidia kwenye mizani. Mabaharia walipogoma huko Spithead mwaka 1797, miongoni mwa madai yao lilikuwamo la ratili kamili, nao wakaipata. Naanza na mizani kwa sababu mtu ninayetaka kumjadili, mchoraji wa mandhari na watu wa nchi ya mbali, alikuwa karani wa aina hiyo. Aliingia kazini wakia mbili zikiwa zimesharudishwa, lakini kazi yenyewe ilibaki ile ile: kupima, kuandika, na kujibu pale kitu kinapopungua. Michoro yake, kwa maoni yangu, haisomeki vizuri mpaka mizani hiyo iwekwe mezani kando yake.

Emeric Essex Vidal alizaliwa Brentford, magharibi ya London, mwaka 1791, katika ukoo wa watu wa bahari. Baba yake aliwahi kuwa karani na katibu wa amiri, na ndugu zake nao walivaa sare ya jeshi hilo hilo. Emeric alifuata mkondo wa baba. Dhamana yake haikuwa mizinga wala tanga. Ilikuwa bohari, na ndani ya bohari biskuti, nyama ya chumvi, mishumaa, nguo za mabaharia na daftari. Mwaka 1816 meli ya vita Hyacinth ilimfikisha kwenye mto Río de la Plata, Amerika Kusini, na mwaka huo huo, tarehe 9 Julai, wajumbe waliokutana Tucumán walikuwa wametangaza kwamba mikoa yao si mali ya mfalme wa Hispania tena. Alikaa maeneo hayo hadi 1818, akiwa na karatasi na rangi za maji. Mwaka 1820 Rudolph Ackermann, mwenye duka mashuhuri la picha kwenye mtaa wa Strand jijini London, alichapa kitabu cha mabamba 24 kwa jina la Picturesque Illustrations of Buenos Ayres and Monte Video. Picha zilihamishiwa kwenye mabamba ya shaba yaliyounguzwa kwa asidi, zikapigwa chapa, kisha zikapakwa rangi kwa mkono, nakala moja baada ya nyingine. Hadi leo, mtu anayetaka kujua mchuuzi au mpanda farasi wa Buenos Aires alionekanaje miaka ile ya mwanzo ya uhuru, huishia kwa Vidal. Picha zake za gaucho, mchungaji mpanda farasi wa nyika za nchi ile, ni miongoni mwa za mwanzo kabisa zilizopo. Mwaka 1931 Alejo González Garaño alichapisha Buenos Aires michoro mingine ya mkono huo huo ambayo ilikuwa haijawahi kutolewa, na hadhi ya karani ikazidi kupanda.

Kuna namna mbili zilizozoeleka za kumsoma mtu kama huyu. Namna ya kwanza humpokea kama shahidi safi: mgeni asiye na chama, asiyegombea cheo mjini, aliyechora alichokiona akaenda zake. Namna ya pili humshuku kuanzia kwenye vifungo vya koti lake: ni mtu wa jeshi la dola, na jicho la dola haliangalii bure. Wasomaji hawa wawili hugombana sana, ila kuna jambo moja wanaloafikiana bila kulitaja. Wote wanaamini kwamba maslahi huharibu macho. Wa kwanza humsifu Vidal kwa sababu anadhani hakuwa na maslahi, wa pili humtilia shaka kwa sababu anajua alikuwa nayo. Mimi naona wote wawili wamekosea kwenye jambo hilo hilo wanaloafikiana. Vidal ni wa kuaminika zaidi pale hasa alipokuwa na haja na kitu, na ni dhaifu pale alipochora bila haja, kwa kufuata tu ladha ya wanunuzi wa picha. Maslahi, katika kazi kama hii, hayafungi jicho. Ndiyo yanayolifungua, kwa upande mmoja tu.

Tutazame bamba la mwuza maji. Maksai wawili wamefungwa nira, na mwendeshaji ameketi juu ya nira yenyewe, karibu na pembe, mahali ambapo mtu asiyezoea asingethubutu kukaa. Nyuma yao kuna pipa kubwa lililolazwa kati ya magurudumu mawili yanayopita kimo cha mtu. Mchoraji wa studio angeyapunguza magurudumu yale, maana yanavunja uwiano wa picha. Yanafanya pipa lionekane kama kitu kilichotundikwa hewani. Vidal hakuyapunguza. Ukubwa wao una sababu, na sababu hiyo ndiyo iliyomshughulisha: visima vingi vya mji vilikuwa na maji ya chumvi chumvi, kwa hiyo maji ya kunywa yalichotwa mtoni, na mto ule una kina kifupi kwa mwendo mrefu kutoka ukingoni, tope tupu, hata mkokoteni hauna budi kuingia ndani kabisa kabla ya kupata maji yanayofaa kuchotwa. (Jina la mto lina maana ya fedha; maji yake ni ya rangi ya udongo, na nyumbani yaliachwa kwenye mitungi mpaka tope lishuke.) Halafu pipa. Kwenye meli ya Kiingereza karani aliwajibika kwa mapipa kipande kwa kipande, pete za chuma na mbao zake. Kilichopotea kiliingia kwenye hesabu yake. Mtu aliyekwisha kudaiwa pete za pipa hawezi kuchora pipa kama duara tu lenye kivuli. Anajua limeshikwa na nini.

Ukiendelea kufunua mabamba, unagundua kwamba unatembezwa sokoni na mtu mwenye orodha ya mahitaji. Wavulana wa maziwa wanaingia mjini juu ya farasi, vyombo vyao vikiwa vimepakiwa ubavuni. Machinjio ya kusini ni uwanja wazi, ng'ombe, kamba na wapanda farasi. Mahali pa kuteremkia, kwa kuwa mashua haikuweza kufika nchi kavu, mikokoteni ile ile ya magurudumu marefu imeingia majini kupokea abiria na mizigo. Uvuvi nao hauna mtumbwi hata mmoja: wapanda farasi wawili wamekamata wavu, mmoja kila ncha, wanaukokota mtoni hadi maji yanapozidi, wakati mwingine wakiwa wamesimama wima juu ya migongo ya farasi, kisha wanageuka kuuvuta ukingoni. Mvuvi wa pwani yetu akiiona picha hii atacheka, halafu atanyamaza, kwa sababu chombo kile kinamweleza mto kuliko ambavyo ramani ingemweleza. Mahali ambapo farasi anafanya kazi ya ngalawa, mchanga ni tambarare na kina hakishuki ghafla, na farasi ni rahisi kupatikana kuliko mbao. Vidal hakuhitaji kuandika hayo chini ya picha. Mtu anayefuatilia samaki kutoka majini hadi kwenye sahani huyachora hata asipokusudia.

Yupo ombaomba aliyepanda farasi, bamba linalopendwa mno na ambalo huonekana kupinga hoja yangu. Karani wa meli ana haja gani na ombaomba? Hamuuzii, hanunui kwake. Wengi hulisoma bamba hili kama kichekesho cha safarini, na huenda Ackermann alilichapa kwa sababu hiyo. Lakini kichekesho chenyewe kimejengwa juu ya bei. Uingereza ya wakati ule farasi alikuwa mali: alikula shayiri, alihitaji banda, na aliyemmiliki hakuomba. Buenos Aires farasi walikuwa wengi na bei yao ilikuwa duni kiasi kwamba mtu asiye na chochote aliweza kuwa na farasi na bado akanyoosha mkono. Aliyeona ajabu hapo ni mtu aliyezoea kulinganisha thamani za vitu bandari hadi bandari. Mshairi angeona huzuni ya mzee yule, na padri angeiona nafsi yake. Karani aliona kwamba kitu kimoja kimebadilisha thamani kwa kuvuka bahari, akakichora.

Lipo pingamizi la kwanza, na ni la haki: kuchora hakukuwa kazi ya karani. Jeshi la Majini lilifundisha uchoraji kwa maofisa chipukizi, na chuo chake cha Portsmouth kilikuwa na walimu wa somo hilo, kwa ajili ya kazi maalumu: kuchora sura ya pwani kama inavyoonekana kutoka melini, milima, minara na miti mikubwa, ili nahodha wa baadaye ajue amefika wapi. Vidal hakuwa na wajibu huo. Alichora kwa mapumziko yake, kwa hiyo kwa nini tuyavalishe mapumziko sare ya kazini? Jibu langu ni kwamba mtu huacha kazi lakini haachi jicho. Fundi cherehani akienda harusini huona mishono. Na ushahidi umo kitabuni: pale Vidal anapoacha kabisa njia ya bidhaa na kujaribu mandhari kwa ajili ya mandhari, mkono wake unapoteza uhakika. Ladha ya wanunuzi wa London ilidai mpangilio wao: mti uliopinda karibu, gofu au kijito katikati, milima yenye ukungu mbali. Nyika za Pampas hazina hata kimoja katika hivyo. Ni mstari mmoja, juu anga, chini nyasi. Ondoa farasi, mikokoteni na watu kwenye picha zake za bara, na kinachobaki kingeweza kuwa popote. Watu wa Tucumán, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Buenos Aires, wamo kitabuni, na hao walifika mjini pamoja na misafara ya mikokoteni ya biashara. Yaani hata bara alilolichora vizuri ni lile lililomfuata sokoni.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa haja hufungua macho, mbona ulimwengu umejaa waongo wenye haja? Mfano uko pale pale Buenos Aires. Mwaka 1806 Home Popham, kamanda wa kikosi cha meli za Kiingereza, aliuvamia mji ule bila idhini ya serikali yake, kisha akawaandikia wafanyabiashara wa Uingereza waraka wa kuwatangazia kwamba soko kubwa limefunguliwa. Wafanyabiashara wakapakia shehena. Kabla mizigo haijafika wenyeji walikuwa wameshautwaa mji wao, na jeshi la pili lililotumwa mwaka 1807 likaaibika zaidi: tarehe 5 Julai, Robert Craufurd na askari wake walisalimu amri ndani ya kanisa la Santo Domingo, na jenerali wao mkuu, John Whitelocke, alifikishwa mbele ya mahakama ya kijeshi na kufukuzwa kazi. Popham alikuwa na haja kubwa na Buenos Aires kuliko karani yeyote, na alichokitangaza kilikuwa ndoto. Tofauti iko wapi? Iko kati ya haja ya kujua na haja ya kushawishi. Popham alihitaji watu waamini; gharama ya uongo ilikuwa juu ya wengine. Karani anayenunua nyama anahitaji ajue. Akikosea, hasara ni yake jioni ile ile. Na kitabu cha mwaka 1820 kina haja zote mbili ndani yake, mara nyingine kwenye bamba moja. Magurudumu ya mwuza maji ni ya mtu anayetaka kujua. Anga laini ya samawati iliyopakwa London kwa mkono wa mtu wa duka ni ya mtu anayetaka kuuza. Msomaji mwangalifu hahitaji kuchagua kati ya kuamini bamba na kulikataa, maana anaweza kuliamini nusu ya chini.

Hapa ndipo ndugu yake anaponisaidia, na anatuleta Mombasa. Alexander Thomas Emeric Vidal alikuwa mpimaji wa bahari katika msafara wa William Fitzwilliam Owen uliopima pwani za Afrika kati ya 1822 na 1826 kwa meli za Leven na Barracouta. Homa iliwaua zaidi ya nusu ya watu walioondoka Uingereza na msafara ule. Kazi yao ilikuwa ya bildi na kamba: risasi nzito inashushwa, chini yake imepakwa shahamu ili ipande na chembe za mchanga au tope, pima zinasomwa, namba inaandikwa kwenye karatasi. Hakuna picha yenye maslahi kuliko ramani ile. Ilitengenezwa ili meli za vita na za biashara ziingie bandari za watu bila kukwama. Na ndiyo maana namba zake zilikuwa za kutegemewa. Nahodha wetu wa jahazi naye alijua vina na miamba hiyo, kwa alama za mnazi, msikiti na rangi ya maji, na ujuzi wake ulikuwa sahihi kwa sababu ile ile: akikosea, chombo ni chake na shehena ni ya watu wanaomjua. Kilichoongezwa na Waingereza ni karatasi inayoweza kusafiri bila aliyeiandika.

Linganisha na siasa ya msafara huo huo. Desemba 1823 Barracouta ilipotia nanga Mombasa, Wamazrui, watawala wa mji huo waliokuwa wakibanwa na Seyyid Said wa Maskati, walimwomba Alexander Vidal bendera ya Uingereza. Alikataa, akapeleka habari. Owen alipofika Februari 1824 alikubali, kwa kuwa alitamani sana kuona biashara ya watumwa ikizimwa na aliamini Mombasa itakuwa mahali pa kuanzia. Alimwacha luteni John James Reitz kuwa msimamizi. Reitz akafa miezi michache baadaye, jina lake likabaki kwenye maji ya Port Reitz. Serikali ya London haikuidhinisha, na mwaka 1826 bendera iliteremshwa. Owen yule yule aliyepima vina kwa uangalifu wa kufa na kupona alisoma vibaya nia za Wamazrui na nia za wakubwa wake mwenyewe. Kwenye vina alitaka kujua, lakini kwenye barua zake kwa London alitaka kushawishi, tena kwa jambo jema. Wema wa nia haukumnoa jicho.

Pingamizi la mwisho silipendi, kwa sababu sina jibu la kulimaliza. Jicho la karani huona mzigo likamwacha aliyeubeba. Wakati Vidal anachora, watu wenye asili ya Afrika walikaribia theluthi ya wakazi wa Buenos Aires. Walifua nguo ukingoni mwa mto ule ule, waliuza vyakula mitaani, walipigana katika majeshi ya uhuru, na wanawake wa nyumba kubwa hawakwenda misa bila mtumwa wa kubeba zulia la kupigia magoti. Sehemu ya watu hao au wazazi wao walipakiwa kwenye pwani ya Msumbiji, sehemu ya maji ambayo Alexander angekuja kuyapima. Kitabu chenye kichwa cha mandhari kinaeleza bei ya farasi na njia ya maji, lakini hakina jina la hata mmoja wao. Naweza kusema tu kwamba upofu huu una ukingo unaoonekana. Shahidi anayedai kuona kila kitu hukuacha usijue alipoacha kutazama. Karani anajulikana alipoacha, ni pale orodha yake ilipoisha. Kuanzia hapo msomaji anaendelea mwenyewe, akishika bidhaa aliyoonyeshwa. Ng'ombe wa uwanja wa machinjio alitoa ngozi iliyopelekwa Ulaya. Nyama yake, ile isiyoliwa mjini, katika viwanda vya chumvi vilivyokuwa vikiongezeka kandokando ya mto ilikatwa vipande virefu, ikatiwa chumvi, ikaanikwa juani, ikapakiwa majahazini kama tasajo, chakula cha bei ya chini kabisa kwa watumwa wa mashamba ya Brazil na Kuba, ambao baadhi yao walikuwa wamevuka bahari wakitoka pwani ile ile ya Msumbiji. Vidal ameichora ikiwa bado uwanjani.